Siku tatu Dar: mwongozo kwa anayekuja kutoka mkoani mara ya kwanza

Haupiti mwezi sijapigiwa simu na mtu wa nyumbani, "nakuja Dar Jumatano, Jumamosi naondoka, nina kashughuli kidogo", na kila mara naongea maneno yaleyale nusu saa nzima mpaka salio linakata. Mimi ni wa Njombe, hapa mjini nina miaka 16, nimekaa Tandika, nimekaa Tabata, sasa hivi niko Sinza, na ndugu niliowapokea stendi siwezi kuwahesabu. Kwa hiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja, hatua kwa hatua, mtu akinipigia namtumia asome kwenye basi.

Kabla ya yote shika hili moja. Ukija Dar kwa siku chache kinachokula siku zako ni barabara. Hela inaweza kuongezwa, utatumiwa na mtu kwenye simu, lakini masaa matatu uliyokaa kwenye foleni hayarudi. Mwaka juzi mama yangu mdogo alikuja kliniki, miadi saa 2 asubuhi, Upanga. Ana ndugu Chanika akaona kwanini alipe gesti wakati ndugu yupo, akalala kule. Wakatoka saa 12 wakijua wamewahi kweli, wakafika Gongo la Mboto gari halitembei, wakafika TAZARA halitembei, akaingia hospitali saa 4 na nusu namba yake imeshapita muda mrefu, akaambiwa aje wiki inayofuata, na tiketi ya kurudi alishakata. Nilimkuta amekaa kwenye benchi karatasi ameikunja mkononi, akaniambia "mwanangu, kumbe Chanika na Upanga ni mikoa miwili." Tangu siku hiyo hili jambo nalisema kwa kila mtu anayekuja.

Hatua ya 1: kabla hujakata tiketi, jua shughuli yako iko upande gani

Fungua kiganja chako ukiangalie. Kiganja chenyewe ndo mjini, yaani Posta, Kivukoni, Upanga, Kariakoo. Vidole ndo barabara kubwa zinazotoka hapo. Cha kwanza Bagamoyo Road, inaanza kama Ali Hassan Mwinyi, inapita Morocco, Makumbusho, Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta mpaka Bunju. Cha pili Morogoro Road, Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi, ndo unayoingilia na basi. Cha tatu Nyerere Road, watu wazima bado wanaiita Pugu Road, TAZARA, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto. Cha nne Kilwa Road, inashuka Mtoni, Mbagala, Kongowe. Cha tano ni Kigamboni, ng'ambo ya maji. Alafu kuna barabara moja inavikata hivi vidole kwa katikati: Mandela, inatoka Kurasini bandarini inapita TAZARA, Buguruni, Tabata mpaka Ubungo, ikivuka Ubungo inaitwa Sam Nujoma inaenda kuishia Mwenge.

Ukishaiweka hiyo kichwani umelijua jiji kuliko wengi waliozaliwa hapa. Sasa mpigie mtu au ofisi unayoenda uulize maswali mawili tu: uko barabara gani, na kituo cha kushukia kinaitwaje. Usikubali jibu la "njoo tu ukifika utanipigia."

Angalia sana majina yanayofanana. Kuna Mbezi mbili, Mbezi ya Morogoro Road (Mbezi Louis, wengine wanasema Mbezi Mwisho au Mbezi ya Kimara) ambako ndo iko stendi ya mabasi, na Mbezi Beach iliyoko Bagamoyo Road, vidole viwili tofauti kabisa. Kila mwaka nasikia mtu kashushwa na basi Mbezi anamwambia mwenyeji wake "nimeshafika Mbezi nakusubiri hapa barabarani" na mwenyeji yuko upande wa pili wa jiji anamtafuta barabarani kwake.

Kingine, hakikisha ofisi unayoifuata bado ipo Dar. Wizara nyingi zimehamia Dodoma, ziko Mtumba, na bado kuna watu wanafunga safari kutoka Mbeya mpaka Dar kufuata wizara wakati wangepanda tu basi la Dodoma. Balozi nyingi bado ziko hapa, ya Marekani ipo Msasani, ya Uingereza na ya Ujerumani zipo jengo la Umoja House pale Posta.

Tarehe nazo zina mambo yake. Mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai ni maonesho ya Sabasaba, viwanja viko Kilwa Road, gesti za upande wa Temeke na Kariakoo zinajaa na bei inapanda. Machi mpaka Mei ni masika, na mvua ikipiga kweli bonde la Jangwani linajaa maji, Morogoro Road kati ya Magomeni na Fire inaweza kufungwa na mabasi ya mwendokasi yakasimama, kwa hiyo kipindi hicho usipange kitu cha lazima asubuhi bila kuacha nafasi. Na kama siku yako imeangukia Simba na Yanga pale kwa Mkapa, upande wa Temeke kuanzia saa 8 mchana uache kabisa, uwanja unaingiza watu 60,000 na wote wanapita barabara hizohizo.

Hatua ya 2: lala karibu na shughuli, sio karibu na ndugu

Najua hili linauma, wengine wataona unaringa. Mwambie ndugu yako ukweli, "shangazi, kesho nina miadi saa 2, nalala mjini, nikimaliza nakuja kwako nalala Ijumaa." Ataelewa, na ukienda kwake shughuli imeisha mtakaa vizuri, mtaongea, hutakuwa unaangalia saa.

Kama shughuli iko Muhimbili, Ocean Road, Posta, ubalozi wa mjini au Kariakoo yenyewe, lala Kariakoo, Ilala au Magomeni. Kama iko Mikocheni, Msasani, Makumbusho, chuo kikuu Mlimani, lala Sinza, Kijitonyama au Mwenge. Kama unaruka na ndege alfajiri tafuta Kipawa au Karakata ambapo unafika uwanjani kwa bajaji dakika chache. Kama unaondoka na basi la alfajiri, usiku wa mwisho hamia Kimara au Mbezi.

Gesti ya kawaida yenye choo ndani na feni inayofanya kazi utapata kwa elfu 25 mpaka 40, ya AC inaongezeka kidogo. Ukifika omba kuona chumba kabla hujalipa, fungua bomba uone maji yanatoka, washa feni, angalia neti ina matundu, funga mlango kwa ndani uone kitasa. Dar joto bana, hasa Desemba mpaka Machi, feni mbovu maana yake hulali na kesho una interview. Kitambulisho kiwe karibu kwasababu utaandikishwa kwenye kitabu cha wageni. Na uliza kama kuna baa au ukumbi jirani, Sinza hapa kuna gesti nzuri tu ila muziki unaisha saa 9 usiku.

Hatua ya 3: kushuka

Mabasi ya mikoani mengi yanaishia stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, ilifunguliwa Februari 2021 ikachukua nafasi ya Ubungo. Kama unamsikia mjomba anasema "nitakupokea Ubungo" muulize vizuri, maana pale kwenye stendi ya zamani mambo yameshabadilika. Ukishuka watakuja watu watatu wanne wanavuta begi, "bosi wapi, taksi, twende". Shika begi lako mwenyewe, sema "nimeshapokelewa, asante", endelea kutembea. Usisimame katikati ukaanza kuangalia huku na kule, ingia sehemu yenye kiti, kaa, kunywa maji, piga simu zako ukiwa umekaa, alafu ndo utoke.

Kutoka Mbezi kwenda mjini kama huna mzigo mkubwa panda daladala la mjini au sogea mpaka Kimara Mwisho uchukue mwendokasi. Kama una mzigo na giza limeingia, agiza gari kwenye programu kama Bolt, ni hela nyingi kidogo lakini usiku na mabegi usijichanganye.

Wanaotokea Dodoma na Morogoro siku hizi wana treni ya SGR, ilianza kubeba abiria mwaka 2024, na hii nawaambia watu wazi kabisa, kama mji wako una SGR achana na basi. Inakushusha Stesheni katikati ya mji, kwenye kiganja palepale, Posta unaenda kwa miguu, hujapita Kibaha, hujapita Kimara. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa 13,000 Morogoro na 31,000 Dodoma. Kata tiketi mapema mtandaoni, wikiendi zinaisha, na njoo na kitambulisho chenye jina lilelile lililoko kwenye tiketi.

Wa ndege, ukitoka nje ya jengo agiza gari kwa simu au patana na taksi bei kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Ukishapakia mzigo nguvu ya kupatana imekwisha.

Hatua ya 4: kutembea ndani ya jiji

Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

Mwendokasi ulianza 2016 na kwa mgeni ndo usafiri rahisi kuuelewa kwasababu una njia yake na vituo vina majina. Kutoka Kimara unaenda moja kwa moja Morogoro Road, pale Magomeni kuna linalochepuka kwenda Morocco, na pale Fire kuna linaloenda Gerezani, hilo ndo la Kariakoo, na linaloendelea Posta ya Zamani mpaka Kivukoni, hilo ndo la feri. Kabla hujapanda soma kibao cha mbele: Kivukoni, Gerezani au Morocco, usifuate tu umati. Wa Muhimbili shuka Fire, chukua bajaji au boda, ni pafupi. Asubuhi pale Kimara kuanzia saa 12 mpaka saa 3 watu ni wengi mno, kubanwa kupo, kwa hiyo begi la mgongoni livae kwa mbele na simu iwe mfuko wa mbele umeishika.

Daladala ndo jiji lenyewe. Mbele limeandikwa linatoka wapi linaenda wapi, mfano Mwenge Temeke, ubavuni lina mstari wa rangi ya njia yake. Ukipanda uliza konda, "hii inafika Bamaga?" maana kuna yanayoishia njiani, wanaita kugeuza. Nauli andaa sarafu na noti ndogo, ukitoa elfu 10 asubuhi konda atakukasirikia na chenji utaisubiri mpaka unashuka. Hadai kwa maneno kila mara, akipita karibu na wewe akichezesha sarafu kiganjani, chwi chwi chwi, ujue ni zamu yako kutoa.

Kushuka kuna namna yake. Konda anaita kituo kwa kuuliza: "Afrikasana yupo?" Usipojibu anasema "hayupo, twende", dereva anapita na wewe umekaa unasubiri gari lisimame. Jibu kwa sauti, "yupo!" Kama hajauliza, wahi wewe, "konda, kituoni hapo!" gari bado halijafika. Wageni wengi wanaona haya kupaza sauti kwenye gari lenye watu wazima, usione haya, hapa kila mtu anafanya hivyo na hakuna anayekushangaa. Mwambie pia aliyekaa pembeni yako, "samahani mama, nashuka Mwembechai, ukipafikia naomba uniambie", nimeona watu wa hili jiji wanaosemwa hawana muda wakishuka kabisa kwenye gari kumwonyesha mgeni njia.

Jioni kuanzia saa 10 mpaka saa 2 usiku daladala zinazotoka Posta na Kariakoo zinagombaniwa, watu wengine wanaingilia dirishani. Pale mlangoni kwenye kugombania ndo vibaka wanafanyia kazi, mmoja anakuziba kwa mbele mwingine yuko nyuma ya mfuko wako. Usigombanie. Wenyeji wana njia yao, wanalipanda linapokuja mjini wakiwa kituo kimoja au viwili kabla ya mwisho, wanageuza nalo wakiwa wamekaa, wanalipa nauli mara mbili na wanarudi kwenye kiti. Au kaa mahali kula, ondoka saa 2 na nusu, utafika saa ileile na aliyetoka saa 12.

Bajaji na bodaboda: bei kabla ya kupanda, itaje na mahali penyewe, "Sinza Mori mpaka Mlimani City, shilingi ngapi?" Wakikuita bosi au mkuu usidhani ni bei ya bosi, ni salamu tu, patana kwa heshima. Boda kwa umbali mfupi inakuokoa kwenye foleni, kofia ngumu vaa, mwambie dereva mapema "kaka, sina haraka, twende taratibu", na kwenye barabara kubwa kama Mandela yenye malori ya makontena mimi simshauri mtu kabisa. Ukiagiza kwa programu angalia namba ya gari kabla hujafungua mlango, na dereva akikupigia akisema futa safari tupatane pembeni, kataa, agiza mwingine.

Simu. Ukiwa kwenye daladala au gari dogo umekaa dirishani kwenye foleni, simu usiishike dirisha likiwa wazi. Mtu anapita na pikipiki au kwa miguu, anachukua, kakata mtaa, umebaki umenyoosha mkono. Ukiwa unatembea unataka kuangalia ramani, ingia dukani uangalie ukiwa ndani. Na kabla ya safari andika namba tatu muhimu kwenye karatasi uweke kwenye pochi, ya mwenyeji wako, ya nyumbani, na ya gesti, hilo hata bila wizi linasaidia maana chaji inaisha.

Ukiuliza njia usiulize mtaa wala namba ya nyumba, uliza kituo na alama, hapa watu wanajua "Kwa Aziz Ali", "Magomeni Mapipa", "Sinza Kijiweni". Muulize mwenye duka, wakala wa simu, mama ntilie, mtu aliyekaa sehemu yake ya kazi. Salimia kwanza, mtu mzima shikamoo, kijana mwenzako mambo, alafu ndo uulize. Anayekufuata yeye mwenyewe akisema nakuona umepotea, mshukuru uendelee na safari yako.

Hatua ya 5: panga siku, kidole kimoja kwa siku

Siku ya kwanza umefika umechoka, usipange kitu zaidi ya kufika gesti, kuoga, kula, na kama jua bado lipo nenda kaone kwa macho sehemu unayoenda kesho. Hiyo ya mwisho naisisitiza. Ukiona mlango wenyewe leo, kesho asubuhi huna wasiwasi wa kuuliza uliza.

Siku ya pili ndo shughuli, na ianze mapema. Kama ulilala karibu unatoka saa 1 kasoro unatembea. Ukimaliza, chochote kingine cha siku hiyo kiwe upande huohuo. Umemaliza Upanga? Basi Posta, Makumbusho ya Taifa, Feri, Kariakoo, vyote viko kiganjani. Usiseme "acha nikimbie mara moja Tegeta nimsalimie rafiki nirudi", hakuna kukimbia mara moja Tegeta.

Siku ya tatu ni ya akiba. Ofisi zetu unajua, utaambiwa mhusika katoka, rudi kesho. Mtu aliyekata tiketi ya kurudi siku ileile ya shughuli anaumia sana, wewe utakuwa na kesho yako. Na isipohitajika ndo siku ya manunuzi na kutembea.

Hatua ya 6: Kariakoo

Nenda saa 3 au saa 4 asubuhi, mwendokasi wa Gerezani. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza wakati wa vita kuu ya kwanza, na mpaka leo watu wanabeba mizigo kweli, mkokoteni ukija nyuma unasikia "pisha pisha!" pisha haraka.

Kabla hujatoka andika unachotaka na bei ya juu utakayolipa. Vitenge na khanga angalia mtaa wa Uhuru, nguo na vitu vidogo vidogo mtaa wa Kongo, simu na vifaa vyake Aggrey na Likoma. Pita maduka matatu uulize bei kabla hujanunua, bila kuonyesha umependa. Ukinunua vipande vitatu au zaidi vya aina moja uliza bei ya jumla, mara nyingi inashuka palepale. Mitumba ya kuchagua nenda Karume, Ilala.

Hela igawe, ya kununulia karibu, ya kurudia nyumbani ndani kabisa au iache kwenye simu, maduka mengi utalipa kwa lipa namba. Risiti chukua.

Kuna mmoja lazima utakutana naye. Anakusogelea kwa sauti ya chini, "braza, nina simu, nina shida, chukua laki moja", ni simu ya maana, unaiwasha inawaka, unaishika kabisa. Mkishakubaliana anaichukua aifunge kwenye boksi, mwenzake anasema polisi hao, wanakupa boksi wanaondoka. Binamu yangu alifungua lake kwenye kiti cha basi, tumeshafika Chalinze. Kipande cha sabuni ya mche, kimekatwa vizuri kwa kipimo cha simu, kimezungushiwa gazeti na selotepu. Alikuwa ameuza mahindi gunia mbili kupata ile hela. Hakuna simu ya kweli inayouzwa kwa kunong'ona, nunua dukani penye meza na risiti.

Hatua ya 7: kula

Kwa hili Dar haina shida kabisa. Asubuhi supu na chapati, ya ng'ombe, kuku au makongoro, weka ndimu na pilipili, inakushika mpaka saa 8. Mchana kwa mama ntilie, angalia tu penye foleni ya mafundi na madereva, pale chakula hakilali, wali maharage na samaki, ugali dagaa, ndizi nyama. Jioni chipsi mayai na mishikaki, na ukikuta mtu ana urojo mzuri usipite. Madafu yanauzwa kwenye baiskeli, mwambie akupasulie ule na nyama yake. Maji ya kunywa nunua ya chupa iliyofungwa.

Hatua ya 8: nafasi ikibaki

Ukiwa na masaa matatu tu, shuka Posta ya Zamani au Kivukoni. Anza soko la samaki Feri, asubuhi saa 1 mpaka saa 3 ndo mnada umechangamka, kelele, maji chini, vaa viatu usivyovionea huruma. Kunywa supu ya pweza pale. Alafu panda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, mtu mmoja 200 na unalipa kwa kadi ya N-Card, dakika chache tu majini lakini unaliona jiji lote kwa mbele, meli zinaingia bandarini mpaka unahisi zitakugusa. Mtoto wa kaka yangu alivuka mara tatu hataki kushuka. Upande wa Feri Ikulu iko karibu, kamera iache mfukoni ukiwa maeneo hayo, bandarini na kwenye kambi za jeshi vilevile.

Ukirudi tembea kwa miguu kuelekea Samora, utaikuta sanamu ya Askari, imesimama pale tangu 1927, alafu Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, kuna habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959. Onyesha kitambulisho, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Ndani pametulia na pana kivuli, mchana wa jua hakuna sehemu nzuri kama ile.

Jioni, kama umelala upande wa Sinza au Kinondoni, Coco Beach, mihogo ya kukaanga na kachumbari, upepo wa bahari. Jumapili watu wanajaa sana, siku za kazi ndo nzuri. Kuogelea angalia wenyeji wanaingilia wapi, kuna mawe, na maji yakijaa yanavuta.

Zanzibar kwa siku tatu hizihizi usijaribu. Boti ni masaa kama mawili kila upande, utaishia kuiona bandari na kugeuza. Ipe safari yake.

Hatua ya 9: kuondoka

Tiketi ya kurudi kata siku moja kabla, kwenye ofisi ya kampuni au kwa simu, iwe na jina lako, namba ya kiti na muda. Kuanzia 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kwa hiyo una chaguo, ila ukipanda la usiku fahamu unafika kwenu alfajiri, jiulize nani atakupokea. La alfajiri, lala Kimara au Mbezi kama nilivyosema, kutoka Mbagala saa 10 usiku na mabegi sio mchezo.

Zawadi ya nyumbani ambayo haijawahi kukataliwa ni samaki wa Feri. Kama hupandi la alfajiri, nunua asubuhi ya siku unayoondoka, wapo vijana wanaoparua na kuna wakaangaji palepale, unalipa kwa ndoo au kwa idadi. Waambie "nasafiri nao, wakauke kabisa", watawarudisha kwenye mafuta mara ya pili. Wakitoka usiwafunike, watandaze kwenye karatasi mpaka wapoe wote, hata kama ni saa nzima, ndo uwafunge kwenye gazeti na kuwapanga kwenye boksi lenye matundu pembeni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini hata ungeipata usiitumie, samaki wa moto akifungiwa anatoa jasho na mpaka mnafika Iringa ameshaharibika. Boksi weka juu karibu na kiti chako, chini kwenye buti kuna joto la injini.